Bessie Head (1937–1986): Fasili, Jina na Uenyeji

1.0 Utangulizi

Bessie Head ni miongoni mwa waandishi wa Afrika ambao maisha yao yamejadiliwa karibu sawa na kazi zao. Alizaliwa Afrika Kusini, akafia Botswana, na aliandika kwa Kiingereza kuhusu kijiji ambacho wakazi wake huzungumza Kisetswana. Mama yake alikuwa Mzungu na baba yake Mwafrika, katika nchi ambayo sheria iliharamisha uhusiano wa aina hiyo. Kwa sababu hiyo, wahakiki wengi wamezoea kumweleza kwa mambo aliyoyakosa: hakuwa na wazazi, hakuwa na kabila, hakuwa na nchi. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, yanafuata mantiki ileile ya sheria iliyomdhulumu, kwani sheria hiyo nayo ilimfasili kwa kutaja yale ambayo hakuwa.

Makala haya yanasimulia maisha ya Head kwa kuzingatia suala moja, yaani jinsi mtu aliyepewa jina la kukanusha alivyojitafutia uenyeji. Neno uenyeji limeteuliwa kwa makusudi badala ya neno asili. Asili huelekea nyuma, kwa wazazi na damu. Uenyeji huhusu mahali mtu alipo na kazi anayoifanya pamoja na watu wa mahali hapo. Inadaiwa hapa kuwa Head alifungiwa mlango wa asili tangu utotoni, kwamba alijenga uenyeji wake kwa kazi ya mikono na ya kalamu, na kwamba ujenzi huo ulimgharimu afya na amani yake.

2.0 Kuzaliwa na Malezi

Bessie Amelia Emery alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Napier, mjini Pietermaritzburg, Natal. Jina lake lilikuwa lilelile la mama yake, mwanamke wa Kizungu aliyetoka katika familia yenye uwezo. Baba yake hakujulikana. Wakati huo Sheria ya Maadili ya mwaka 1927 ilikwisha kuharamisha mahusiano ya kimwili nje ya ndoa baina ya Wazungu na Waafrika. Ikumbukwe basi kuwa kosa ambalo mtoto huyu alikuwa ushahidi wake lilitungiwa sheria zaidi ya miaka ishirini kabla ya Chama cha National kushika madaraka mwaka 1948.

Katika maisha yake ya utu uzima, Head alisimulia kuwa mama yake alifungiwa hospitalini kwa sababu ya kupata mimba ya Mwafrika aliyefanya kazi ya kutunza farasi wa familia. Uchunguzi wa hati uliofanywa baadaye ulibainisha kuwa mama huyo alikuwa ameugua na kulazwa kabla ya mimba hiyo, na habari za mtunza farasi hazikupata ushahidi. Tofauti hii haipunguzi thamani ya simulizi ya Head. Mtu aliyenyimwa habari za kuzaliwa kwake alilazimika kuzitunga kutokana na vipande vichache alivyoambiwa, na alichagua umbo la kisa ambamo wazimu ni hukumu iliyotolewa na jamii dhidi ya mapenzi.

Mtoto alikabidhiwa kwanza kwa walezi wa Kizungu. Baada ya muda mfupi walimrudisha, kwa kuwa walitambua kuwa hakuwa Mzungu. Kitendo hicho ndicho kilichokuwa uainishaji wake wa kwanza, na kilitegemea macho matupu. Ndipo alipopelekwa kwa familia ya Heathcote, Wakatoliki wa tabaka la chini katika jamii ya machotara wa Pietermaritzburg. Alikua akiamini kuwa Bi. Nellie Heathcote ndiye mama yake mzazi. Mama yake halisi alifariki mwaka 1943, angali hospitalini, na binti hakupata kumjua.

Mnamo mwaka 1950 maofisa wa ustawi wa jamii walimhamishia katika Nyumba ya Mtakatifu Monica, shule ya bweni ya Kianglikana kwa wasichana machotara karibu na Durban. Akiwa huko alitaka kurudi nyumbani wakati wa likizo, akaelezwa kuwa hana nyumba ya kurudi: Bi. Heathcote hakuwa mama yake, na mama yake mzazi alikuwa Mzungu aliyekufa akiwa mgonjwa wa akili. Aliambiwa pia kuwa ugonjwa huo ungeweza kumpata yeye. Maneno hayo yalimfuata maisha yake yote. Kwa mkupuo mmoja alipokonywa mama aliyemjua na kupewa mwingine ambaye asingeweza kumjua, pamoja na urithi wa hofu.

Shuleni hapo, hata hivyo, alipata kitu kimoja cha kudumu, nacho ni vitabu. Alihitimu ualimu, na kuanzia mwaka 1956 alifundisha katika shule ya machotara huko Clairwood, Durban. Kupitia jamii ya Wahindi wa mji huo alivutiwa na falsafa ya dini ya Kihindu, mvuto ambao ungejitokeza tena katika riwaya zake.

3.0 Fasili ya Kisheria

Ili kuelewa hatua zilizofuata, yafaa kuitazama Sheria ya Uandikishaji wa Watu ya mwaka 1950. Sheria hiyo ilimtaka kila mkazi wa Afrika Kusini awekwe katika moja ya makundi yaliyotajwa. Mzungu alifasiliwa kuwa ni mtu ambaye kwa sura yake ni dhahiri kuwa Mzungu, au anayekubaliwa hivyo na watu kwa jumla. Mwafrika alifasiliwa kuwa ni mtu wa kabila la wenyeji wa Afrika, au anayekubaliwa kuwa hivyo. Kundi la tatu, lililoitwa la watu wa rangi, lilipewa fasili fupi: ni mtu ambaye si Mzungu wala si Mwafrika.

Kwa mtazamo wa isimu, fasili mbili za kwanza ni za kuyakinisha na ya tatu ni ya kukanusha. Fasili ya kukanusha haielezi kitu. Hukusanya masalio yaliyobaki baada ya vitu vingine kuelezwa. Ndiyo maana kundi hilo liliweza kubeba kwa pamoja wazao wa watumwa wa Rasi, Wagriqua, Wamalai, na watoto wa jana wa wazazi wa rangi mbili. Mwaka 1959 serikali ililazimika kuligawa tena katika vikundi vidogo, na miongoni mwavyo kukawa na kikundi cha watu wengine wa rangi. Hayo yalikuwa masalio ya masalio.

Fasili hiyo haikuishia kwenye karatasi. Pamoja na Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka huohuo wa 1950, iliamua mahali pa kuishi na shule ya kusoma. Sheria za mwaka 1949 na 1950 zilikataza ndoa na mahusiano baina ya Wazungu na watu wote wasio Wazungu. Mtu wa kundi la tatu alijua kuwa ngazi iliyo juu yake imefungwa na kwamba anaweza kuteremshwa ngazi ya chini wakati wowote. Hali hiyo ilizaa ndani ya jamii yenyewe upimaji wa nywele na weupe wa ngozi, kila mmoja akimpima mwenziwe kwa kipimo cha mtawala.

4.0 Uandishi wa Habari na Siasa

Mwaka 1958 Head aliacha ualimu akaenda Cape Town kuwa mwandishi wa gazeti la Golden City Post. Huko aliishi kwa mara ya kwanza katika mji wenye jamii kubwa ya machotara, hasa mtaa wa District Six. Kisheria alikuwa amefika kwa watu wake. Kwa hali halisi alijikuta mgeni. Wengi wao walizungumza Kiafrikana, ilhali yeye wa Natal alikuwa mtu wa Kiingereza. Tena rangi yake ilikuwa nyeusi zaidi kuliko ya wengi waliojiona bora. Hapo ndipo udhaifu wa fasili ya kukanusha ulipojidhihirisha. Watu wawili wanaweza kufanana kwa yale wasiyokuwa, na bado wasiwe na lugha moja wala historia moja.

Mwaka 1959 alihamia Johannesburg kufanya kazi katika gazeti la Home Post. Wakati huo Robert Sobukwe alikuwa ameongoza kuundwa kwa chama cha Pan Africanist Congress, na Head alijiunga nacho mwaka 1960. Mvuto wake si mgumu kueleza. Sobukwe alimfasili Mwafrika kuwa ni mtu yeyote ambaye utiifu wake ni kwa Afrika peke yake na anayekubali utawala wa kidemokrasia wa Waafrika walio wengi. Fasili hiyo ilikuwa ya kuyakinisha, na ilitegemea uamuzi wa mtu badala ya sura yake. Kwa mara ya kwanza Head alipata neno ambamo aliweza kuingia kwa hiari.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua waandamanaji 69 huko Sharpeville, na mwezi uliofuata chama kilipigwa marufuku. Head alikamatwa kwa muda mfupi, akaachiliwa, na katika dhiki ya kipindi hicho alijaribu kujiua. Alirudi Cape Town, na mwaka 1961 aliolewa na mwandishi wa habari Harold Head. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kiume.

Katika miaka hiyo aliandika The Cardinals, hadithi ambayo haikuchapishwa hadi mwaka 1993. Mhusika wake mkuu ni msichana aliyelelewa na watu baki, akawa mwandishi wa gazeti, na kupendwa na mwanamume ambaye bila wote wawili kujua ni baba yake. Sheria iliyojifanya kulinda usafi wa damu inaonyeshwa ikizalisha jamii ambamo mtu hawezi kuwatambua hata walio damu yake.

5.0 Mkimbizi katika Nchi ya Jirani

Ndoa ilipovunjika, Head aliomba kazi ya ualimu huko Serowe, Bechuanaland. Serikali ya Makaburu ilimnyima pasipoti kwa sababu ya uhusiano wake na chama kilichopigwa marufuku, ikampa kibali cha kutoka bila haki ya kurejea. Mwezi Machi 1964 alivuka mpaka pamoja na mwanawe. Hakurudi tena Afrika Kusini.

Serowe, makao makuu ya Bangwato, haikuwa ngeni kwa suala la rangi na ndoa. Mrithi wa utemi wake, Seretse Khama, alimwoa Ruth Williams, Mwingereza, mwaka 1948, na serikali ya Uingereza, ikichelea kuikera Afrika Kusini, ikamzuia kuishi nchini kwake kuanzia mwaka 1950 hadi 1956. Bechuanaland ilipojitawala tarehe 30 Septemba 1966 na kuitwa Botswana, Seretse ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Hata hivyo, nchi inayoongozwa na mtu aliyeoa Mzungu si lazima impokee kwa urahisi mgeni chotara asiye na ukoo. Head alipoteza kazi ya ualimu baada ya muda si mrefu, akahamia Francistown, na huko, akiwa mkimbizi aliyeandikishwa, alitakiwa kuripoti polisi mara kwa mara.

Kutokana na kipindi hicho cha umaskini ilizaliwa riwaya ya When Rain Clouds Gather, iliyochapishwa mwaka 1968. Shujaa wake ni mkimbizi wa Kizulu aitwaye Makhaya, anayejiunga na mradi wa kilimo katika kijiji cha watu waliotoka sehemu mbalimbali. Jina hilo linatokana na neno la Kizulu lenye maana ya nyumbani, na msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kwa neno kaya. Mhusika mwenyewe anaona kejeli iliyomo: aliyepewa jina la kukaa nyumbani amegeuka mtu wa kutangatanga. Kwa malipo yaliyotokana na riwaya hiyo Head alijenga nyumba ndogo Serowe mwaka 1969, akaipa jina la Rain Clouds.

6.0 Jina na Ngeli katika Maru

Riwaya ya pili, Maru, ilichapishwa mwaka 1971. Ni katika kazi hii ambapo tajiriba ya uchotara ilitafsiriwa katika mazingira ya Botswana kwa ustadi mkubwa. Margaret Cadmore ni yatima wa jamii ya wawindaji wa Kalahari, aliyelelewa na mmishenari wa Kizungu aliyempa jina lake mwenyewe. Anapofika kijijini kufundisha, watu wanamdhania kuwa chotara kwa sababu ya rangi yake na Kiingereza chake. Dhana hiyo ingemlinda. Yeye anaikataa, na anapoulizwa anajibu waziwazi kuwa ni Msarwa.

Uzito wa jibu hilo unafahamika zaidi kwa kuangalia mofolojia ya Kisetswana. Majina ya watu katika lugha hiyo kwa kawaida hupokea viambishi mo- na ba-, kama katika Motswana na Batswana. Jamii ya wawindaji iliitwa Masarwa, kwa kiambishi ma- cha ngeli nyingine ambayo, inapotumiwa kwa makundi ya watu, aghalabu hubeba ugeni au dharau. Umbo Basarwa lilikuja kupendelewa baadaye katika matumizi rasmi kwa sababu hiyohiyo. Msemaji wa Kiswahili ana mifano ya karibu: mtu akigeuzwa jitu na watu wakawa majitu, kiambishi pekee kimebadilisha hadhi. Ingawa ma- ya Kiswahili si ya dharau wakati wote, kama maimamu na masultani wanavyothibitisha, uwezekano huo umo ndani ya mfumo wa lugha.

Chini ya tofauti hiyo ya viambishi palikuwa na historia ya utumwa wa kurithi ulioitwa bolata, ambamo Basarwa waliwatumikia mabwana wao wa Kitswana. Head, aliyewahi kuhesabiwa chini ya Wazungu, aliona kuwa watu weusi waliompokea nao walikuwa na watu wa kuwadharau. Kwa kumfanya shujaa wake alikatae jina la chotara na kulichukua jina lililodharauliwa zaidi, alikataa faida ndogo ambayo sheria za Makaburu zilimpa mtu wa kundi la tatu. Ni uamuzi wa kimaadili, na ndio unaoipa riwaya hiyo nguvu kuliko ndoa ya Margaret na mrithi wa utemi inayoihitimisha.

7.0 Ugonjwa na Jembe

Mwaka uleule wa 1971 Head aliugua akili vibaya. Alibandika hadharani tangazo lenye shutuma dhidi ya rais, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse, ambako alikaa miezi kadhaa. Utabiri alioambiwa utotoni ulionekana kutimia.

Kutokana na ugonjwa huo aliandika A Question of Power, iliyochapishwa mwaka 1973. Elizabeth, mhusika mkuu, anateswa na sauti na viumbe wa njozi. Miongoni mwa shutuma zinazomrudia ni mbili zinazohusu moja kwa moja mada ya makala haya: kwamba yeye ni chotara, hivyo si Mwafrika wa kweli, na kwamba hajui lugha yoyote ya Kiafrika. Shutuma ya pili ilikuwa na msingi katika maisha ya mwandishi, kwani Kisetswana chake hakikufikia ufasaha. Mfumo wa ubaguzi uliomlea kwa Kiingereza katika nyumba na shule za machotara ulimnyima nyenzo ambayo wengine huipata kwa mama zao bila juhudi. Sheria iliyoachwa ng'ambo ya mpaka ilikuwa imehamia akilini, ikazungumza kwa sauti ya Waafrika aliotamani kuwa mmoja wao.

Kinachomwokoa Elizabeth ni bustani. Serowe palikuwa na miradi ya ushirika iliyoasisiwa na Patrick van Rensburg, mwalimu aliyejiuzulu utumishi wa kibalozi wa Afrika Kusini kwa kupinga ubaguzi. Mmoja wao uliitwa Boiteko, na Head mwenyewe alilima humo mboga na matunda na kupika jemu pamoja na wanawake wa kijiji. Methali ya Kiswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni onyo dhidi ya uvivu. Katika maisha ya Head jembe hilo lilikuwa fadhila. Lilimpa lugha ya vitendo mahali ambapo lugha ya maneno ilimpungukia, na aliyelima naye hakuhitaji kumuuliza ukoo wake. Riwaya inamalizika kwa mhusika kuweka mkono wake juu ya ardhi kabla ya kulala.

8.0 Mwandishi wa Kumbukumbu za Serowe

Baada ya kupona, Head aliwageukia majirani zake. Aliwahoji makumi ya wakazi wa Serowe, aghalabu kwa msaada wa wakalimani, na kuyapanga masimulizi yao kufuata zama za Khama wa Tatu, Tshekedi Khama na van Rensburg. Kitabu chake, Serowe: Village of the Rain Wind, kilichapishwa mwaka 1981, baada ya mkusanyo wa hadithi fupi uitwao The Collector of Treasures wa mwaka 1977. Mtu asiye na nasaba ya kusimulia alikuwa amekuwa mhifadhi wa nasaba za wengine.

Utafiti huo ulimfunulia jambo jingine. Dola ya Bangwato chini ya Khama wa Tatu ilikuwa imekusanya koo nyingi za wakimbizi zilizokimbia vita na njaa, zikapewa mahali na kufanywa sehemu ya taifa. Ndicho kiini cha A Bewitched Crossroad ya mwaka 1984, inayosimulia jinsi ukoo mmoja mdogo ulivyojiunga na watu wa Khama. Hivyo wenyeji wa Serowe nao, wengi wao, walikuwa wazao wa wageni. Tofauti yao na Head ilikuwa ya muda tu, kwani wao walifika mapema.

Serikali ilichukua muda mrefu kulikubali hilo. Ombi lake la uraia lilikataliwa mwaka 1977, naye akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kushiriki programu ya waandishi akiwa bado hana nchi. Mwaka 1979 alipewa uraia bila kutarajia, baada ya miaka kumi na mitano. Alifariki Serowe tarehe 17 Aprili 1986 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na umri wa miaka 48. Hati zake zilihifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Khama wa Tatu, katika kijiji alichokiandikia historia.

9.0 Hitimisho

Vifungu vilivyoharamisha ndoa na mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali vilifutwa mwaka 1985, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Head. Sheria ya Uandikishaji wa Watu ilifutwa mwaka 1991. Mwaka 2003 Afrika Kusini ilimpa nishani ya Ikhamanga, na mwaka 2007 maktaba ya Pietermaritzburg, mji alikozaliwa, ikaitwa kwa jina lake. Jina hilo la Bessie alilipata kwa mama ambaye hakumjua, na la Head kwa ndoa iliyovunjika.

Maisha haya hayaruhusu hitimisho la faraja rahisi. Uenyeji wa Head ulipatikana kwa kazi, lakini haukufuta upweke wake, na uraia ulikuja baada ya vitabu vyake vikuu kwisha kuandikwa. Linalothibitika ni kwamba fasili ya kukanusha inaweza kuamua makazi na ndoa ya mtu, na hata kuingia katika njozi zake, lakini haiwezi kumzuia kujenga uhusiano mpya na mahali.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili suala hili halipo mbali. Lugha hii ina maneno chotara na suriama, ambayo kila moja lina historia yake ya hadhi na dharau, na sensa za kikoloni za Zanzibar ziliwafanya watu wachague mara kwa mara baina ya kuwa Waswahili, Washirazi au Waarabu. Uchambuzi wa msamiati huo, pamoja na viambishi unavyovichukua, unaweza kuonyesha ni nani katika jamii zetu waliofasiliwa kwa yale wasiyokuwa, na ni kwa kazi gani walijifanya wenyeji.